Kombe Hili Usilifunike

Mwanangu,

Simu yako ya jana nimeilalia na nimeamka nayo. Ulinipigia saa tano usiku, nimeshavua miwani na kukunja mswala, ukaniuliza neno moja: "Mjomba, niandike au nisiandike?" Nikakuomba unipe hadi asubuhi. Jibu nilikuwa nalo. Lakini jibu hilo lina kisa chake, na ndani ya kisa mna doa langu mimi, na mtu wa umri wangu hawi mwepesi wa kumfunulia doa lake mtoto aliyembeba begani.

Asubuhi imefika. Kaa kitako unisikilize, maana pumzi za kurudia maneno sina tena.

Umepata kazi nzuri hapo Virginia, ya kulinda mitambo ya kompyuta ya jeshi, na kampuni imekwambia kiti ni chako ukipata kibali cha usalama. Nimefurahi kuliko unavyodhani. Mbele yako imewekwa ile fomu ya SF-86, yenye kurasa zaidi ya 100, inayotaka kujua ulikolala, uliofanya nao kazi, wanaokudai na jamaa zako walioko Mombasa. Hayo yote uliyajaza bila kutetereka. Ulipofika sehemu ya 23 mkono ukaganda. Inauliza: katika miaka 7 iliyopita, umewahi kutumia dawa za kulevya kinyume cha sheria? Nawe ulikaa Colorado miaka minne ya chuo, na bangi uliivuta.

Naijua sauti iliyokunong'oneza, kwa sababu sote tumelelewa nayo. Kwetu mtu hatundiki nguo ya ndani barazani. Mtoto akikosea, nyumba hufunga mlango ikamalizana naye humo humo, na jirani akiuliza huambiwa mtoto ana homa. Funika kombe mwanaharamu apite. Siyalaumu malezi hayo. Yameokoa nyumba nyingi zisivunjike, na Mola mwenyewe ni Mwenye kusitiri. Lakini sitara na uwongo ni vitu viwili, na tumezoea kuvichanganya hadi hatuuoni tena mpaka wake. Asiyeulizwa akinyamaza, amejisitiri. Aliyeulizwa na mwenye haki ya kuuliza, akaweka sahihi yake chini ya neno lisilo kweli, huyo amesema uwongo, hata kama alifanya hivyo kwa kumhurumia mama yake.

Basi sikiliza kwanza serikali hii inatafuta nini, maana hofu nyingi hutokana na kutojua.

Mwaka 1953, Rais Eisenhower alipotoa amri ya kuwachuja watumishi wa serikali, uraibu wa dawa za kulevya ulikuwa tayari umo katika mambo ya kuangaliwa. Leo wanatumia mwongozo ulioanza kazi Juni 2017, wenye vipengele 13, kila kimoja na herufi yake, A hadi M. Madeni yana herufi yake, ulevi una yake, na sisi wenye ndugu ng'ambo tunayo yetu. Dawa za kulevya ni H. Iweke akilini pia E, ya mwenendo wa mtu, ambamo uwongo umo. Nitairudia, kwa sababu ndiyo niliyoiona ikiangusha watoto wa watu.

Watu hawa hawatafuti malaika. Wanataka kujua kama mtu aliyeivunja sheria akiijua atazishika sheria za kutunza siri, na kama akili yake hutulia wakati wa majaribu. Na zaidi wanajiuliza: ana jambo analolificha, ambalo adui akilijua atamfunga nalo kamba shingoni? Hili la mwisho ningependa ulitafune polepole. Jambo uliloliandika kwa mkono wako mwenyewe halina tena mnunuzi. Ulilolificha lina bei, na bei yake hupanda kila cheo chako kinapopanda.

Mwongozo huo huo unawaagiza waamuzi wamtazame mtu kwa ukamilifu wake, mazuri yake na mabaya yake, wala wasimhukumu kwa siku moja. Kwenye H yenyewe umeorodhesha yanayopunguza uzito wa kosa: kwamba limepita zamani, au lilikuwa la nadra, au lilitokea katika hali isiyo rahisi kujirudia. Kwamba mtu amelikiri, ameachana na marafiki wa moshi, amehama mazingira yale, na yuko tayari kuandika na kutia sahihi kwamba hatarudia, akijua kuwa akirudia atapokonywa kibali. Kwa aliyezama zaidi, kwamba ameyamaliza matibabu aliyoandikiwa, hakurudi nyuma, na mtaalamu wa afya ana matumaini naye. Umeona? Mlango wa kurudi wameujenga wao wenyewe. Wanachotaka ni uupitie mchana, watu wakikuona.

Sasa nije kwenye neno ulilonitupia kwa hasira: "Lakini Colorado ilikuwa halali!" Ni kweli wananchi wa jimbo lile walipiga kura mwaka 2012, na tarehe 1 Januari 2014 maduka yakafunguliwa watu wakapanga foleni. Hata hapa Maryland nilipo, tangu Julai 2023 mtu mzima ananunua dukani kama anavyonunua chumvi. Lakini nchi hii ina mapaa mawili, na kibali cha usalama hutolewa chini ya paa la juu. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 imeiweka bangi miongoni mwa dawa zinazodhibitiwa, na jimbo haliwezi kuifuta sheria ya shirikisho. Amri ya Rais Reagan ya mwaka 1986 iliwakataza watumishi wa shirikisho kutumia dawa haramu, kazini na nyumbani. Na iko sheria inayosema waziwazi kwamba anayetumia sasa dawa inayodhibitiwa kinyume cha sheria hapewi kibali.

Sikiliza neno hilo "sasa". Desemba 2021, Avril Haines, aliyekuwa mkuu wa idara zote za ujasusi, alizitumia ofisi waraka wa kufafanua jambo hili. Alisema matumizi ya bangi ya zamani yanahusika katika uamuzi, lakini peke yake hayaufungi mlango, na kwamba anayeomba ashauriwe kuacha tangu anapotia sahihi fomu. Waraka huo huo uligusa yale mafuta na peremende zinazotokana na mmea wa bangi na kuuzwa kwa jina la CBD. Kibandiko cha chupa hakichungwi ipasavyo, kilichomo ndani chaweza kuzidi kilichoandikwa, na mkojo ukipimwa haukumbuki kibandiko. Waraka ukagusa hata fedha: aliyenunua kwa kujua hisa za kampuni za bangi anaweza kuulizwa juu ya busara yake. Kwa hiyo zile peremende za kulalia ulizosema unazo kwenye droo, zitupe leo. Usingoje ziishe.

Kuna mawili ambayo hukuyataja, nami nayataja kwa kuwa nawajua vijana.

La kwanza ni vidonge. Wanafunzi wengi hapa humeza Adderall ya rafiki usiku wa kuamkia mtihani, na hawahesabu kuwa ni dawa ya kulevya kwa sababu imetoka duka la dawa. Fomu inauliza pia juu ya dawa za daktari zilizotumiwa kwa makusudi nje ya maagizo yake. Kidonge kilichoandikwa jina la mwenzako kikaingia kinywani mwako kimo ndani ya swali lile.

La pili ni letu zaidi: miraa. Najua ulipokwenda harusi ya binamu yako Mombasa mlikaa barazani na kitita hadi alfajiri. Kwa Kenya hilo ni zao halali la shamba, na watu wa Meru wanasomeshea watoto kwalo. Ukivuka mpaka ukaingia Tanzania, mirungi hiyo hiyo yakutia pingu. Uingereza waliipiga marufuku Juni 2014. Hapa Marekani, kathinoni iliyomo ndani ya jani bichi iko daraja la kwanza la dawa zinazodhibitiwa, pamoja na heroini. Swali la fomu ni juu ya matumizi yaliyo kinyume cha sheria. Kwa hiyo jani ulilotafuna Mombasa na kifurushi kilichofichwa ndani ya majani ya chai kikaletwa Maryland si jambo moja, ingawa mti ni mmoja. Ukiwa na shaka ni lipi la kuandika, mlipe mwanasheria anayeshughulika na vibali saa moja ya kazi yake. Usimwulize kinyozi, wala mimi. Na mpelelezi akikuuliza kwa kinywa chake, mjibu ulivyofanya.

Nimefika kwenye kisa sasa. Nimekizunguka vya kutosha.

Miaka mingi nyuma, kabla hujazaliwa, alinijia mtoto wa rafiki yangu. Baba yake na mimi tulikuja nchi hii pamoja, tukalala chumba kimoja na kupikiana zamu. Kijana alikuwa hodari, mtulivu, mwenye adabu. Kila anaponiona huinama kunishika mkono. Alikuwa ameitiwa kazi kama yako na fomu kama yako, na chuoni aliwahi kuvuta bangi, mara chache tu, akaacha. Akaniuliza ulivyoniuliza wewe. Mimi, kwa kujifanya mjuzi wa dunia, nikamwambia: "Wazungu hawawezi kujua. Baba yako akisikia atakufa. Funika."

Akafunika.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Wapelelezi wale hawakuja kwangu wala kwa baba yake. Walikwenda kwa aliyelala naye chumba kimoja chuoni, kijana wa watu, asiye na ubaya wowote naye, akaulizwa akajibu kweli. Hakujua kuwa mwenzake ameandika hapana. Halafu wakamwita kijana wetu, wakamkalisha, wakampa nafasi ya kusahihisha. Naye, kwa kuwa ameshaingia, akaendelea kukana.

Barua ilipokuja alinionyesha. Bangi ilikuwa imo, imeelezwa kwa maneno machache. Uwongo ulikuwa umeelezwa kwa kirefu: tarehe ya fomu, tarehe ya mahojiano, alichoulizwa, alichojibu. Nilisoma karatasi ile mara tatu, nikitafuta mahali ambapo kosa lake la ujana ndilo lililomponza. Sikupaona. Kilichomponza ni ushauri wangu.

Na haikuishia hapo. Fomu hiyo hiyo ina sehemu nyingine inayouliza kama umewahi kunyimwa kibali. Kwa hiyo kila alipojaribu mlango mwingine, alilazimika kukisimulia kile kisa upya. Mwishowe alichoka kujaribu. Leo anaendesha malori huko Texas, ana mke na watoto, anakula jasho lake kwa heshima, na akinipigia simu ya Idi bado ananiita baba mdogo. Hajawahi kunilaumu hata siku moja. Laiti angenilaumu.

Kwa hiyo unapouliza niandike au nisiandike, elewa kwamba hunisikii mimi peke yangu nikikujibu. Andika.

Andika yote, kwa idadi iliyo karibu na kweli kadiri unavyokumbuka. Wala usiandike "mara moja au mbili" ikiwa ulivuta kila mwisho wa wiki kwa mwaka mzima. Kupunguza nako ni kuficha, tofauti yake ni kwamba huficha nusu. Weka mwezi wa kwanza na mwezi wa mwisho. Sema ulikoipata. Sema kwa nini uliacha, kama uliacha kwa sababu. Swali la kama unakusudia kutumia tena litakuja. Usilijibu kabla hujajiuliza mwenyewe ukiwa peke yako. Na ujue kuwa fomu yenyewe inaahidi kwamba majibu ya kweli katika sehemu ya 23 hayatatumiwa kama ushahidi dhidi yako katika kesi ya jinai. Uwongo haujaahidiwa hivyo. Kumdanganya ofisa wa shirikisho katika jambo la maana ni kosa la kufungwa hadi miaka 5.

Kisha acha. Nimeliweka baada ya kuandika, lakini kwa uzito ni mbele. Kweli isiyo na kuacha nyuma yake ni taarifa ya mtu anayeendelea. Ukishapewa kibali, jambo hugeuka na kuwa zito zaidi: fomu inauliza kama umewahi kutumia wakati ukiwa na kibali, na hapo haihesabu miaka 7, inataka maisha yako yote. Zamani mtu alipigwa msasa akaachwa miaka 5 au 10 kabla ya kuchunguzwa tena. Siku hizi kompyuta huangalia kila wakati, na ukikamatwa Jumamosi wanaweza kujua kabla hujarudi kazini.

Na usichanganye mlango mmoja na mwingine. Kila ofisi inaweza kuwa na masharti yake ya ajira juu ya mwongozo huu. FBI, kwa mfano, humtaka anayeomba awe na mwaka mmoja tangu alipotumia bangi, na miaka 10 kwa dawa nyingine haramu, ingawa bangi ya kabla ya kutimiza miaka 18 haimzuii. Ukiona hujafika, subiri. Kusubiri hakuandikwi popote kuwa ni kosa.

Nina neno kwa ajili ya dada yako pia, nawe umfikishie. Wewe una uraia. Yeye bado ana kadi ya kijani. Ameniambia ameahidiwa kazi kwenye duka la bangi lenye leseni ya jimbo. Tangu Aprili 2019 idara ya uhamiaji imesema wazi kwamba kazi ya namna hiyo inaweza kumnyima mtu uraia, hata jimbo likiiruhusu. Asiishike kazi hiyo, na asikiri lolote la dawa mbele ya ofisa wa uhamiaji kabla hajakaa na mwanasheria. Yeye na wewe hamsimami mahali pamoja. Kweli ni kweli kwenu nyote, lakini yeye anapaswa kujua kwanza kila neno linamfikisha wapi.

Je, ukiandika kweli wakakunyima? Inawezekana, na sitakudanganya. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mwaka 1988 kwamba hakuna mwenye haki ya kudai kibali, na shaka likibaki huamuliwa kwa upande wa usalama wa taifa. Kwa watu wa kampuni kama yako, utaletewa barua ya sababu, utapewa nafasi ya kujibu kwa maandishi, na unaweza kuomba kusikilizwa na jaji wa ofisi inayoshughulikia rufaa hizo huko Arlington. Jibu kila hoja kwa wakati wake. Wapo walioshindwa leo, wakakaa miaka yao bila kugusa kitu, wakarudi wakapewa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Aliyenyimwa kwa bangi ana kitu ambacho muda unaweza kukirekebisha. Aliyenyimwa kwa uwongo, muda humrekebisha kwa shida sana, kwa sababu hata akisema ameacha kusema uwongo, ataaminiwa kwa kipimo gani?

Mama yako atalia, hilo ndilo linalokutisha kuliko serikali. Nalijua. Niachie mimi. Fomu ile haisomwi msikitini wala haipelekwi harusini. Wanaoisoma ni watu wa kazi hiyo, na wamesoma makubwa kuliko yako. Lakini kama unaona lazima mama ajue, mwambie wewe kabla hajasikia kwa mwingine. Mficha maradhi kifo humuumbua. Atalia siku mbili, siku ya tatu atakupikia.

La mwisho, na hili nilitaka ulisikie kwangu kabla hujaituma. Umeandika jina langu miongoni mwa watu wanaokufahamu. Huenda siku moja mpelelezi akanigongea mlango, nami nitamkaribisha, nitampa chai. Akiniuliza kama nakufahamu, nitamwambia nakufahamu tangu hujui kutembea. Akiniuliza kama umewahi kuvuta bangi, nitamwambia ndiyo, kwani Idi ile ulipokuja kutoka Denver koti lako lilinuka nami nikanyamaza. Nilishamfunika mtoto mmoja, na wa pili sitamfunika. Nakwambia mapema ili usije ukasema mjomba alikusaliti.

Akiniuliza tena kama umeacha, ningependa sana nimjibu ndiyo bila kutazama chini. Hilo liko mikononi mwako, kuanzia hiyo droo yenye peremende. Zitupe, kisha ukae uandike, kisha unipigie nijue umelala.

Mola akuongoze na akusitiri kwa sitara iliyo ya kweli.

Mjomba wako.